Dawa za tumbo, lishe na kifua: saa na njia ya kumpa mgonjwa ndo inaamua kama zitafanya kazi

Mwanafunzi wa unesi akifungua famakolojia anaogopa dawa za moyo, insulini, dawa za kifafa, halafu akifika kwenye dawa za tumbo, vitamini na dawa za kifua anaona hapa amepumzika. Omeprazoli nani haijui, ORS nani haijui, salbutamoli kila ukoo una mtu anatumia. Mimi naona hapo ndo pa kukaza macho, kwa sababu hizi dawa zinazoonekana nyepesi ndizo ambazo daktari anaandika vizuri, famasi inatoa vizuri, na bado mgonjwa hapati nafuu, kisa dawa imetolewa saa ambayo haiwezi kufanya kazi au imepita njia ambayo haifikishi inapotakiwa. Na mwenye kushika saa na njia ni nesi. Kwa hiyo badala ya kukariri majina na madhara, ukishika dawa yoyote ya makundi haya jiulize swali moja tu, hii inaenda kufanyia kazi wapi hasa, na njiani inakutana na nini?

Chukua omeprazoli. Wengi wanaamini ikiingia tumboni inapoza asidi pale pale. Sivyo kabisa. Ndani ya kapsuli kuna chembe ndogo ndogo zilizopakwa ganda la kuzikinga, maana omeprazoli yenyewe ikiguswa na asidi ya tumbo inaharibika. Chembe zinapita tumboni zikiwa nzima, zinayeyuka kwenye utumbo mwembamba, dawa inaingia kwenye damu, halafu damu ndo inairudisha tumboni kwa upande wa nyuma mpaka kwenye seli zinazotengeneza asidi. Kwenye hizo seli kuna pampu zinazosukuma asidi nje, na omeprazoli inazifunga. Ila inafunga zile zilizo kazini tu, pampu iliyolala haiguswi, na kinachoziamsha ni chakula. Ndo maana tunasema dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, hasa kabla ya chai ya asubuhi, kwa sababu baada ya usiku mzima wa kutokula pampu nyingi zinaamka kwa mpigo na wakati huo dawa inakuwa tayari iko kwenye damu inazisubiri.

Sasa angalia wodini. Uji unapita saa 1, raundi ya madaktari, kisha dawa za asubuhi zinagawiwa saa 3. Omeprazoli ya saa 3 imeshakuta kazi imeisha. Dawa haikai sana kwenye damu, ndani ya kama saa moja nusu yake imeondoka, lakini pampu iliyofungwa haifunguki tena, mwili unalazimika kutengeneza nyingine mpya, kwa hiyo dozi moja iliyotolewa kwa wakati inashika zaidi ya siku moja. Nguvu yake kamili inakuja baada ya siku 3 hadi 5. Mgonjwa anayekwambia sista mimi naimeza nikisikia kiungulia tu, muelekeze taratibu kwamba hii sio dawa ya kuzima moto papo hapo. Na mgonjwa mwenye mpira wa kulishia puani usimsagie zile chembe kwenye kinu, ukisaga umevunja ganda, na ulichompa kitaharibikia tumboni. Muulize mfamasia kama kuna aina nyingine inayofaa kupita kwenye mpira. Kuitumia miaka na miaka bila sababu nako kuna gharama yake, vitamini B12 na magnesiamu vinaweza kushuka, kwa hiyo ukiona mtu anajinunulia mwaka wa tatu huu mrudishe kwa daktari.

Vidonda vya tumbo vingi vinatokana na bakteria Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama diclofenac. Ile ya bakteria ndo iliyowapa Barry Marshall na Robin Warren wa Australia tuzo ya Nobel mwaka 2005, na Marshall alifikia hatua ya kunywa bakteria wale mwenyewe mwaka 1984 ili watu waamini. Matibabu yake ni omeprazoli pamoja na antibayotiki mbili, mfano amoksilini na klarithromaisini, mara nyingi kwa siku 14, na maumivu yanaweza kuisha siku ya nne au ya tano. Mgonjwa akiacha hapo, bakteria waliobaki ndo wale sugu zaidi. Hilo umwambie siku unayompa dawa, usisubiri arudi.

Dawa za kupoza asidi zenye magnesiamu na alumini ni habari nyingine, hizo kweli zinafanyia kazi pale pale ndani ya tumbo, zinawahi na zinaisha haraka, zinatafunwa au zinanywewa baada ya chakula. Magnesiamu inaharisha, alumini inafungisha choo, ndo maana wanazichanganya. Wengi wanaishia hapo kuzifundisha, wakati jambo kubwa ni kwamba madini haya yanashikana na dawa nyingine ndani ya utumbo na kuzizuia zisiingie kwenye damu. Antibayotiki kama doksisaiklini inashikwa, siprofloksasini inashikwa. Na kwa nchi zetu hizi, dawa ya kuangalia kuliko zote ni dolutegraviri, iliyomo kwenye kile kidonge cha TLD ambacho wagonjwa wengi wa VVU Tanzania, Kenya na Uganda wanakitumia sasa. Mtu anameza TLD yake kwa uaminifu kila siku, hajaruka hata dozi moja, halafu tumbo linamsumbua ananunua dawa ya asidi duka la jirani, anameza pamoja, na hakuna aliyemuuliza. Kanuni ni hii, TLD imezwe saa 2 kabla ya dawa hiyo ya asidi au saa 6 baada yake. Ukikutana na mgonjwa ambaye virusi vimepanda na anaapa anameza dawa, kabla ya kumtilia mashaka muulize anameza nini kingine, na usiulize tu "dawa nyingine", mtaje za tumbo, za kuongeza damu, vidonge vya kalsiamu, maana wengi hizo hawazihesabu kuwa ni dawa.

Kwenye madini ya chuma na kalsiamu kanuni inalegea kidogo, vinaweza kumezwa pamoja na TLD kama vyote vinamezwa na chakula, lakini kwa tumbo tupu lazima vitenganishwe kwa zile saa 2 na 6. Hii inamhusu sana mama mjamzito anayetoka kliniki na mfuko mmoja una TLD na FEFO, yaani vidonge vya chuma na foliki asidi, ndani yake.

Na FEFO yenyewe ina mambo. Chuma kinaingia mwilini kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba na kinapenda asidi, kwa hiyo ndimu au chungwa linasaidia, na chai inaharibu. Chai yetu ya rangi, ya maziwa, zote, pamoja na kahawa, zina vitu vinavyokishika chuma kisiingie, na mama wengi wanamezea chai kwa sababu ndo kinywaji kilichopo mezani asubuhi. Asimezee chai, anywe maji, chai ikae mbali kwa saa moja au mbili. Akilalamika kichefuchefu, bora ameze usiku akienda kulala au na chakula kidogo kuliko kuacha kabisa. Mwambie mapema choo kitakuwa cheusi, usipomwambia atashtuka na kuvitupa vidonge. Na vikae mbali na watoto, mtoto mdogo akimeza vidonge vingi vya chuma anaweza kufa, anaanza kutapika na kuharisha, wakati mwingine damu, halafu anaonekana kama amepata nafuu kabla hali haijageuka tena kuwa mbaya, na hicho kipindi cha nafuu ndo kinachowadanganya watu wasimpeleke hospitali.

Foliki asidi nayo ina mtego. SP ambayo mjamzito anapewa kuzuia malaria inamuua kimelea kwa kumzuia asitengeneze foleti, sasa ukimpa mama foliki asidi ya 5 mg kila siku umemrahisishia kimelea kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri 0.4 mg kwa siku, kiasi hicho hakiingilii SP.

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali mambo yanageuka kabisa na hapa wengi wanashangaa. Amepauka, damu ndogo, kila mtu anatamani ampe dawa ya kuongeza damu leo leo. Usimpe siku za mwanzo. Mwili wake hauna protini za kutosha kukibeba chuma, kikibaki huru kinaumiza seli na kinawalisha bakteria, na mtoto huyu karibu kila mara ana maambukizi hata kama hana homa. Anaanza na maziwa ya F-75, yenye nguvu ndogo, kidogo kidogo usiku na mchana, akitulia na hamu ya kula ikarudi anahamia F-100 au chakula dawa cha karanga. Akiwa kwenye F-100 na anaongezeka uzito ndo anaanzishiwa chuma, akiwa kwenye chakula dawa hahitaji cha ziada maana kimo ndani tayari. Kuharakisha kumlisha mtu aliyenyauka kunaweza kumuua, madini ya damu yanaingia kwenye seli kwa ghafla na moyo unashindwa.

Vitamini nyingine nazipita haraka. Anayetumia isoniazidi ya TB, hasa mjamzito, mwenye VVU, kisukari au mnywaji wa pombe, apewe vitamini B6, maana miguu ikianza kuwaka moto inaweza kuwa ni dawa hiyo, sio uzee. Vitamini A ni yuniti (IU) 100,000 kwa miezi 6 hadi 11 na 200,000 kwa mwaka 1 hadi miaka 5, kila baada ya miezi 6, na dozi kubwa hizo haziendi kwa mjamzito.

ORS nataka nikae nayo kidogo kwa sababu naiheshimu sana. Mwaka 1971, kipindupindu kilipoingia kwenye kambi za wakimbizi wa Bangladesh upande wa India, dripu zilikwisha, na daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha watu maji ya chumvi na glukosi badala ya kusubiri dripu. Vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4. Kinachofanyika ni kwamba kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi vinapita pamoja, na vikipita maji yanavifuata, na mlango huu unaendelea kufanya kazi hata wakati kipindupindu kimevuruga kila kitu kingine. Kwa hiyo uwiano ndo dawa yenyewe. Fomula ya sasa ina sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75 kwa lita. Pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye nusu lita chumvi inazidi na inaweza kumletea mtoto degedege, ikitiwa lita moja na nusu haina nguvu, na ukiongeza sukari ili iwe tamu umeyavuta maji yarudi kwenye utumbo na kuharisha kunazidi. Mama ana chombo gani nyumbani? Chupa ya maji ya lita moja au zile mbili za nusu lita, mpimie kwa hicho alichonacho. Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, akitapika subiri dakika 10 uendelee polepole kwa kijiko, na iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Zinki inaenda pamoja, dozi iliyozoeleka ni 20 mg kwa siku, 10 mg kwa walio chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumeisha siku ya pili, kwa sababu siku zinazobaki zinamkinga asiharishe tena miezi 2 au 3 inayokuja. Loperamidi, ile dawa ya kufunga kuharisha, kwa mtoto mdogo hapana, na kwa mtu mzima anayeharisha damu na homa hapana pia.

Plasil, yaani metoklopramidi, naitaja kwa sababu ya jambo moja linaloharibu maisha ya watu. Inazuia dopamini, kwa hiyo kichefuchefu kinatulia, lakini dopamini hiyo hiyo ndo inayoratibu misuli. Kijana au mtoto akipewa, hasa kwa haraka mshipani au dozi kubwa, anaweza ndani ya saa chache akapinda shingo, taya likakaza, macho yakageukia juu yasishuke, na akili zake ziko timamu kabisa. Ndugu wanasema mapepo, wengine wanasema kifafa au pepopunda, anaanza kuzungushwa kwa waganga na kuombewa. Angalia cheti cha dawa kwanza. Akipewa dawa ya kupinga hali hiyo kama benztropini au promethazini kwa sindano, mara nyingi anafunguka ndani ya dakika chache. Sindano ya Plasil ipite taratibu kwa dakika 3 au zaidi, isizidi 30 mg kwa siku kwa mtu mzima wala siku 5, na tumbo lililoziba halipewi.

Tuje kifuani, ambako swali la dawa inafika wapi linajibiwa wazi kuliko kote. Kidonge cha salbutamoli ni 4 mg. Puliza moja ya pampu ya pumu ni maikrogramu 100. Piga hesabu, kidonge kimoja ni sawa na kupuliza mara 40, na hata hivyo puliza chache zinashinda, kwa sababu zinatua moja kwa moja kwenye mirija ya hewa na ndani ya dakika 5 mgonjwa anasikia tofauti. Kidonge kinazunguka utumbo, ini, damu, kinapita kwenye moyo na misuli, mgonjwa anatetemeka mikono, moyo unamdunda, na kifuani kimefika kidogo tu na kimechelewa. Bado huku kwetu watu wanapenda vidonge na dawa ya maji, wanaona pampu ni ya wagonjwa mahututi au kwamba ukiizoea huachi. Hii imani inabidi tuiongelee na wagonjwa ana kwa ana, kwa upole, bila kumcheka mtu.

Ila pampu iliyoshikwa vibaya inaishia kooni. Mwambie akuonyeshe anavyotumia, usimuulize kama anajua, kila mtu atasema anajua. Atikise, atoe pumzi yote, midomo ibane, abonyeze mwanzoni mwa kuvuta pumzi, avute polepole na kwa kina, abane pumzi sekunde 10. Watoto hawawezi huo mpangilio, wanahitaji chemba ya plastiki ya kupumulia dawa, na kama hamna ya dukani Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri isivuje hewa, inafanya kazi sawa na ya kiwandani. Puliza moja, mtoto apumue ndani ya chupa mara 5, ndo upulize nyingine, sio kujaza puliza tano kwa pamoja. Ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe, ukiifuta kwa kitambaa kuta za plastiki zinanasa dawa.

Na salbutamoli inalegeza misuli tu, haigusi uvimbe uliomo ndani ya mirija, na pumu kwa asili yake ni uvimbe. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaoitwa GINA umeacha kushauri watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamoli peke yake, wote wawe na steroidi ya kuvuta kama beklometasoni au budesonidi. Mgonjwa anayemaliza kopo 3 za salbutamoli kwa mwaka tayari yuko hatarini, wengine wanamaliza moja kwa mwezi na hakuna aliyewahi kuwahesabia. Steroidi ya kuvuta haisikiki siku hiyo hiyo, inachukua siku na wiki, ndo maana wanaiacha, na baada ya kuivuta asukutue mdomo na kutema ili asipate utando mweupe. Prednisoloni au haidrokotisoni wakati wa shambulio nazo zinachukua saa kadhaa, kwa hiyo zinatolewa mapema, usisubiri salbutamoli ishindwe.

Aminofilini, dawa ya mshipani ya kufungua mirija ya hewa, bado ipo kwenye hospitali zetu nyingi na mimi naiogopa, kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua vimekaribiana mno. Kabla hujaichoma uliza kama mgonjwa ameshameza vidonge vyenye teofilini, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo, nyumbani, maana akipewa dozi ya mwanzo juu ya hiyo moyo unaweza kwenda mrama au akapata degedege. Iingie polepole, dakika 20 au zaidi. Siprofloksasini na erithromaisini zinaipandisha kwenye damu, rifampisini ya TB inaishusha, na mgonjwa akimaliza dawa za TB kiwango kinapanda tena bila mtu kugusa dozi.

Dawa za kikohozi za watoto ningependa zipungue kwenye mashelfu. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji zilizokutwa na sumu ya dietilini glaikoli, baada ya makumi ya watoto Gambia kufa kwa figo kushindwa. Mtoto wa zaidi ya mwaka 1 asali kidogo inatosha kutuliza koo, chini ya mwaka 1 hapana kwa sababu ya sumu ya botulizimu.

La mwisho ni oksijeni, ambayo usiku nesi ndo anaiwasha na kuizima peke yake na mara nyingi haijaandikwa popote kwenye kadi ya dawa. Iandikwe, lita ngapi, kwa kifaa gani, lengo asilimia ngapi ya oksijeni kwenye damu. Watu wazima wengi tunalenga 94 hadi 98. Mtoto njiti tunalenga 90 hadi 95 kwa sababu ikizidi inaharibu macho. Mama aliyepika kwa kuni miaka 40 akawa na mapafu sugu tunalenga 88 hadi 92, ikizidi hapo hewa chafu inaweza kulundikana kwenye damu akaanza kusinzia, na usingizi huo ukiuona usidhani ametulia, mwamshe, pima, mwite daktari. Lakini akiingia ana 78 anahangaika usimnyime kwa kuogopa hayo, mpe, kaa naye, na namba ikivuka 92 anza kupunguza lita moja moja huku unaangalia kipimo.